Begi la Ngumi la Shemeji

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliokalishwa juu ya matofali, ukutani mwa duka la kinyozi, mahali ambapo kivuli hufika saa saba mchana na kukaa mpaka jioni. Kinyozi aliuweka kwa ajili ya wateja wanaongoja zamu, lakini wateja waliongoja wamesimama, maana ubao ule ulikuwa na wenyewe. Mwisho wa kushoto alikaa Mzee Faili, karani mstaafu aliyetunza majalada ya ofisi ya ardhi miaka thelathini na mmoja, na ambaye mpaka leo hakuna jambo duniani asilolijua kanuni yake. Katikati alikaa Raundi Moja, dereva wa lori la mchanga. Ujanani alipanda ulingoni mara moja tu na pambano likaisha raundi ya kwanza. Nani alishinda, hilo hajawahi kulitamka waziwazi. Mbele yao, kwenye kigoda chake, Shangazi aliuza kahawa na kusahihisha uongo. Na mwisho wa kulia, pale ubao ulipobonyea kidogo, ndipo alipokaa Fundi Sponji, fundi wa makochi, mtu mpole mwenye nyuzi kwenye nywele siku zote.

Jumamosi hiyo Sponji alifika amechelewa, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

— Mbona umekunja uso? — Shangazi alimuuliza huku akimmiminia.

— Nimetumwa na shemeji yenu. Anataka begi.

— Si umnunulie! — alisema Raundi Moja. — Lake si lilichukuliwa na wale wahuni?

— Siyo begi la kubeba. Begi la kupiga. La ngumi. Na mikeka ya mazoezi, ile minene ya kuangukia.

Mzee Faili akaweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyeletewa jalada asilolitarajia.

Sponji akawaeleza. Mkewe, anayefanya kazi maabara ya hospitali, alikuwa na miezi minne akijifunza kujihami kwa mwalimu mmoja wa kike kwenye ukumbi wa shule. Sasa paa la ukumbi limebomolewa litengenezwe, na mwalimu amewaambia kila mtu ajitahidi kwake. Nyumbani kuna kile chumba alichokiacha binti yao alipoolewa. Kitanda kimeshatolewa. Mkewe ameshafagia. Anangoja vifaa.

— Anataka lipi? — aliuliza Mzee Faili. — Maana mabegi yana madaraja.

— Amesema nichague. Eti mimi ndiye ninayejua vitu vya kujazwa.

Hapo ndipo Raundi Moja alipojikohoza na kukunja mikono ya shati.

— Basi kikao kimefunguliwa. Nisikilizeni mimi, mtu wa ulingo. Begi ni mchanga. Kilo mia. Nina lori zima pale, jioni nakushushia.

— Mchanga unashuka, — alisema Sponji. — Wiki mbili tu, juu linabaki tambara na chini jiwe. Atavunja mkono.

— Ndiyo ukomavu wenyewe huo! Mkono ukivunjika ukaunga, unaunga kwa hasira. Tazama wangu huu.

— Wako ulibanwa na mlango wa lori, — alisema Shangazi. — Nilikuwepo.

— Ulibanwa, lakini mlango nao haukubaki salama.

Mzee Faili akainua kidole.

— Tusiende ovyoovyo. Kanuni iko wazi. Uzito wa begi sharti ulingane na uzito wa adui. Sasa fundi, wale wahuni walikuwa wangapi?

— Wawili, — Sponji alijibu kwa sauti ndogo.

— Basi ni mabegi mawili. Huwezi kujiandaa kwa mmoja wakati walikuja wawili. Huo ni upungufu wa maandalizi.

— Na mmoja alikuwa mfupi, — Raundi Moja aliongezea. — Si ulituambia mmoja alikuwa mfupi? Basi moja lining'inizwe chini, usawa wa goti.

— Na yavalishwe mashati.

— Na kofia! Tena yawekwe kwenye ukumbi wa kuingilia, taa imezimwa, yanabembea. Shemeji akitoka kazini anaanza papo hapo. Mgeni akija bila hodi, shauri yake.

— Na mimi nikirudi? — aliuliza Sponji.

— Wewe utapiga mluzi.

Shangazi alicheka mpaka birika likatikisika. Sponji naye alicheka, lakini kidogo tu.

— Tuje kwenye mikeka, — alisema Mzee Faili, ambaye alikuwa ameanza kufurahia kazi. — Hapo hakuna mjadala. Magodoro. Sita. Chini manne, ukutani mawili.

— Godoro halifai, — alisema Shangazi.

— Kwa kanuni ipi?

— Kwa kanuni ya miguu. Umewahi kusimama juu ya kitanda ukageuka haraka? Mguu unazama, kifundo kinapinda. Binti wa dada yangu alitembea na gongo mwezi mzima, na alikuwa anatundika chandarua tu.

— Kweli kabisa, — alisema Sponji. — Inatakiwa sponji iliyokazwa. Anayesimama asizame, na anayeanguka asiisikie sakafu. Zipo za vipande, unavishikanisha meno kwa meno. Za kupigania ukiwa umesimama huwa nyembamba. Za kuangushana zinataka unene wa vidole vitatu hivi au zaidi.

— Sasa kama unajua yote hayo, — alisema Shangazi, — umekuja kutuuliza nini?

Sponji aliinamia kahawa yake. Alizungusha kikombe mkononi.

— Nyinyi mnafikiria chini na ukutani, — alisema Mzee Faili, — mmesahau darini. Mtu akirushwa sawasawa, kwa kufuata utaratibu, anapanda. Lazima na dari ivalishwe sponji.

— Kumbe unataka akae ndani ya kochi! — Shangazi alimwambia.

— Nani wa kumrusha mpaka darini? — aliuliza Raundi Moja. — Mumewe huyu? — Akampiga Sponji begani. — Ila nikwambie ndugu yangu, mke akianza kutafuta begi la ngumi, mume naye aanze kukumbuka makosa yake moja moja. Leo analipiga begi, kesho begi limechanika, nani yuko karibu?

Wakaangua kicheko wote watatu.

— Mwacheni huyo, — alisema Mzee Faili akijifuta macho. — Huyo ataogopa nini? Mtu aliyewatimua majambazi wawili kwa mikono mitupu!

Kahawa ikageuka uchungu mdomoni mwa Sponji.

Maana hawakuwa wakijua. Ilikuwa miezi tisa sasa tangu jioni ile, yeye na mkewe wakitoka kazini kwa mke, wakapita njia ya mkato nyuma ya ghala. Wawili wakawatokea mbele. Mmoja alimsukuma mkewe, akaenda chini chali. Na Sponji, mume wa mtu, baba wa mtu, akatimua mbio. Hakuamua. Miguu ilichukua uamuzi, yeye akajikuta barabarani kwenye taa anapiga kelele. Alirudi na watu, ni kweli, lakini wahuni walikuwa wameshaondoka na mkoba, na mkewe alikuwa amekaa ardhini, damu mdomoni, jino moja la mbele limekwenda. Siku ya pili yake benchi lilimpokea kwa shangwe. Mtu fulani alishasambaza kwamba fundi kapambana. Angeweza kukanusha siku ile. Alinyamaza. Siku zilivyozidi kupita, neno likazidi kuwa gumu kutoka.

Na nyumbani pia hawakulizungumza. Mkewe hakumlaumu hata siku moja. Sponji aliona heri angelaumiwa. Akaanza kutafuta visingizio vya kutokwenda kumpokea kazini: mteja anangoja, gundi haijakauka. Hakustahimili kutembea naye akijua kwamba naye anajua. Mkewe alipoanza mazoezi, Sponji alielewa kwa namna yake: anajifunza kujilinda kwa sababu hana wa kumlinda. Sasa anaambiwa achague begi. Kila akilifikiria lile begi, alijiona yeye mwenyewe ananing'inia.

— Samahani, wakubwa zangu.

Waligeuka. Kando ya mlango wa kinyozi alisimama mgeni aliyekuwa akingoja zamu yake, mpakaji rangi wa nyumba, ovaroli limejaa madoa meupe na ya buluu. Hakuna aliyekuwa amemtilia maanani.

— Nimewasikia muda mrefu. Mimi siyajui mambo haya ya ngumi. Nauliza tu. Huyo mama anaogopa nini zaidi, kupigwa au kuanguka?

— Kwa nini? — aliuliza Mzee Faili.

— Si ndiyo mtajua muanze na begi au muanze na mikeka?

Mzee Faili akatazama juu kama anayetafuta jalada kwenye rafu ya mwisho, akakosa. Shangazi akamtazama Sponji.

— Wewe ndiye mumewe. Sema.

Sponji alikuwa na miaka ishirini na saba ya ndoa. Alijua mkewe anaweka sukari vijiko vingapi, analalia ubavu gani, wimbo upi anaunung'unika akiwa na hasira. Hili hakulijua. Lililomuuma zaidi ni kwamba hakuwahi kuuliza.

Kinyozi akaita, — Anayefuata! — na yule mpakaji rangi akaingia ndani, bila kujua amewaachia nini pale nje.

Sponji alisimama. Kahawa ilikuwa nusu.

— Unakwenda wapi sasa? — aliuliza Raundi Moja.

— Kuuliza.

Saa kumi kamili mkewe alitoka lango la hospitali na wenzake wawili. Alipomwona mumewe amesimama chini ya bango la saa za kutazama wagonjwa, hatua zake zikasita.

— Kuna nini? Nani kaumwa?

— Hakuna. Nimekuja kukupokea.

Alimtazama vizuri, akaagana na wenzake. Wakashika barabara kubwa, ile ndefu. Walitembea hatua nyingi, ndipo Sponji akasema.

— Mama Binti, nataka kukuuliza kitu. Siku ile... Tangu siku ile, unaogopa nini zaidi? Kupigwa au kuanguka?

Mkewe alisimama. Kwa muda Sponji alifikiri ameharibu.

— Umechukua miezi tisa, — alisema mkewe taratibu.

— Najua.

— Kuanguka, — alisema. — Kupigwa hata sikuhisi, jino nililikosa baadaye. Lakini nilipokwenda chini, nilishindwa kuinuka. Pumzi ilikatika, mikono sijui ilikuwa wapi. Nililala pale natazama juu kama kobe aliyepinduliwa. Mpaka leo nikikanyaga sakafu yenye maji pale maabara, moyo unaruka. Mwalimu ametufundisha kuanguka na kuinuka, kuanguka na kuinuka. Mara ya kwanza nilipoanguka na kusimama mwenyewe, nililia mbele ya watu.

— Hukuniambia.

— Ulikuwa huulizi. Ukaacha na kunipokea. Nikasema basi, amechoshwa na woga wangu.

Sponji akaona ama aseme hapo, kwenye vumbi la kando ya barabara, ama asiseme tena maishani.

— Sikuchoka na wewe. Niliona haya. Nilikimbia, mke wangu. Nilikuacha chini nikakimbia.

— Ulikwenda kuita watu. Mimi ndiye niliyepiga kelele, “Kaite watu!”

Huo ulikuwa mlango umefunguliwa wazi. Angeweza kuupita, na hakuna ambaye angejua. Sponji akatikisa kichwa.

— Sikukusikia. Nilikuwa nimeshakimbia kabla hujasema.

Lori moja likapita, likawafunika kwa kelele. Mkewe alingoja lipite. Alikuwa akifikiri, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso anaokuwa nao akisoma majibu ya kipimo, akitaka awe na hakika.

— Basi ulikimbia mapema, — alisema mwishowe. — Lakini ulirudi. Nilipokuwa pale chini nilisikia viatu vya watu wengi, na kimoja hakilii. Nikageuza kichwa nikakuona unakuja mbele yao wote, kiatu kimoja mguuni, mguu mwingine soksi imetoboka, umeshika tofali. Nikasema, sifi.

— Tofali? Nilishika tofali?

— Ulikataa kuliacha. Tulifika nalo nyumbani.

Hakuwa akikumbuka. Alianza kucheka, na kicheko kikachanganyika na kitu kingine, akainama mikono magotini, machozi yakadondoka kwenye vumbi. Mkewe alimshika mkono. Miezi tisa yote ikamshuka mabegani kama gunia. Alipoinuka alivuta pumzi, na pumzi ikaenda mpaka chini kabisa, ambako ilikuwa haijafika siku nyingi.

— Kwa hiyo tunaanza na mikeka, — alisema.

— Tunaanza na mikeka, — alisema mkewe. — Halafu begi. Begi nalo nalitaka, usifikiri. Lina raha yake.

Waliinunua pamoja siku ya tatu yake. Muuzaji aliwatolea vipande laini vya rangi nzuri, wanavyochezea watoto wachanga. Sponji akakibonyeza kimoja kwa kisigino cha mkono, akahesabu mpaka kikarudi, akakataa. Wakaenda duka la pili, la tatu. Mwishowe wakapata vilivyokazwa, vya unene wa vidole vitatu, na mkewe akavua viatu mbele ya wateja, akasimama kwa mguu mmoja, akazunguka. Hakuzama. Akaitikia kwa kichwa.

Begi Sponji alilishona mwenyewe. Alikata turubai nene, akashona mishono mitatu mitatu, ndani akazungushia tabaka la sponji, kisha akajaza vipande vya nguo vilivyobaki karakanani kwake, akivishindilia kila baada ya viganja viwili ili visishuke. Alilipima likawa karibu nusu ya uzito wa mkewe, kama mwalimu alivyoagiza. Hakulining'iniza kwenye ubao wa dari. Alipanda juu na kurunzi, akatafuta boriti yenyewe, akaitoboa na kupitisha bolti ya chuma yenye nati. Kabla mkewe hajaligusa, alining'inia yeye mzima mzima huku miguu imekunjwa.

— Limekushika? — aliuliza mkewe.

— Limenishika.

Mkewe alijifunga vitambaa mikononi, akavaa glavu, akapiga. Begi likalia pu! Akapiga tena. Baada ya dakika tano alikuwa anatoka jasho na kutabasamu, na lile pengo la mbele, ambalo siku zote alilificha kwa kiganja, lilionekana wazi.

— Sasa njoo wewe, — alisema. — Vua viatu.

— Mimi? Nifanye nini?

— Uanguke. Kidevu kifuani. Usitangulize mkono. Ukifika chini, piga mkeka kwa kiganja.

Sponji alianguka kama kabati. Mkewe akacheka mpaka akakaa chini. Akaanguka tena, na tena, na mara ya nne kiganja chake kililia juu ya mkeka kwa wakati wake, na mgongo haukuuma hata kidogo. Alilala pale anatazama dari, anashangaa jinsi palivyo pazuri.

Jumamosi ya pili yake alifika benchi mapema. Kabla Raundi Moja hajauliza kama mashati ya mabegi yameshapatikana, Sponji akasema:

— Nina neno. Ile habari kwamba niliwatimua wahuni si kweli. Nilikimbia. Niliwaacha mseme nilipambana, kwa sababu ilikuwa tamu kusikia. Nisameheni.

Birika lilibaki hewani mkononi mwa Shangazi. Ndani ya duka, mashine ya kinyozi ikazimika.

— Ulikimbia, — alisema Mzee Faili.

— Mguu niponye.

— Na sisi tumekusifu miezi tisa!

— Mlinisifu bure, mzee wangu. Nilirudi na watu, hiyo ndiyo sehemu ya kweli.

Mzee Faili alifikiria kanuni inayohusu jambo hilo. Hatimaye akajinyoosha mbele ya Raundi Moja, akamgusa Sponji gotini.

— Kurudi nako ni kazi, — alisema.

— Mimi, — alisema Raundi Moja kwa sauti ambayo hawakuwahi kumsikia nayo, — ningekimbia, na sina hakika kama ningerudi siku hiyohiyo.

Shangazi akaanza kucheka, na kicheko kikapita ubao mzima mpaka ukayumba juu ya matofali yake.

— Haya, — alisema Shangazi, — kwa ukweli huo leo nawapa wote bure. — Akammiminia Mzee Faili, akammiminia Raundi Moja, na alipofika kwa Sponji, birika likatoa matone mawili na mashapo. — Maskini, imekwisha!

— Haidhuru. Inakaribia saa kumi. Nakwenda kumpokea mke wangu.

— Na ngumi zote hizo anazotupa, bado anahitaji kupokewa?

— Hahitaji, — alisema Sponji. — Napenda tu kutembea naye.

Akaweka kikombe kitupu kwenye ubao, akavuka barabara.